Picha ya mtindo wa zamani inapokataa: dalili, sababu na tiba kwa wanaopigia Mji Mkongwe

Mwongozo huu ni wa mpiga picha anayefanya kazi ndani ya nyumba za mawe na vichochoro vya pwani. Mifano ni ya Mji Mkongwe wa Unguja, ila Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu hali ni ile ile. Hakuna flashi wala taa. Kinachotafutwa ni picha nzito: uso unaochomoza gizani, rangi zilizotulia, mtu aonekane kama yule bibi aliyekaa kwenye fremu ya sebuleni tangu enzi za Capital Art Studio, ile studio ya picha ya Unguja aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Vifaa ni vichache: kamera inayokubali kurekebishwa kwa mkono, lenzi ya milimita 50 au 85, kitambaa cheusi kisichong'aa cha mita 2 kwa 1.5, na ubao mweupe wa povu gumu, ule unaokuja umekinga friji mpya ndani ya boksi.

Picha ikitoka vibaya, kagua kwa mpangilio huu: mwanga unatoka wapi, giza liko wapi, kamera imepima nini, rangi imeingilia wapi, ndipo ufike kwenye kompyuta. Mwanga uliokosewa mwelekeo hauna kitufe cha kuurudisha.

Uso uko bapa, hauna upande wa giza

Mara nyingi mkosaji ni chokaa. Chumba cha nyumba ya mawe kina kuta nyeupe pande zote. Mwanga ukiingia kwa dirisha moja, unagonga ukuta wa pili na kurudi usoni, tena kwenye shavu lile lile ulilotaka liwe na giza. Wewe unahesabu dirisha moja, uso unapokea mwanga kutoka pande tatu.

Jipime kabla mtu hajaketi. Nyoosha ngumi mahali kichwa chake kitakapokuwa, izungushe polepole, utazame vifundo vya vidole. Kama huoni kivuli kati ya kifundo na kifundo, hata uso hautakuwa nacho. Ukikiona kwa jicho, kamera itakiona zaidi.

Tiba ina hatua nne:

1. Funga milango na madirisha mengine yote, ubaki na tundu moja. Dirisha likiwa na mbao za juu na za chini, funga za chini. Mwanga unaotoka juu kidogo ya macho huchonga mashavu na taya vizuri kuliko unaotoka usawa wa tumbo.
2. Weka kiti mita 1 hadi 1.5 kutoka dirishani, ubavu wa kiti ukilitazama dirisha. Wewe usimame na dirisha ubavuni, usilipe mgongo.
3. Tundika kitambaa cheusi upande wa giza, sentimita 50 hadi 70 kutoka shavuni, nje kidogo ya fremu. Kitambaa cha buibui la zamani lisilong'aa kinafaa sana. Satini haifai, inarudisha mwanga.
4. Mwambie ageuze uso polepole kuelekea dirishani, na umsimamishe pale pembetatu ndogo ya mwanga inapotokea chini ya jicho la upande wa giza. Hapo ndipo sura inapopata umbo.

Shavu la giza likiwa chini ya shavu la mwanga kwa stopu 2 (kila stopu ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka maradufu), picha ni tulivu. Kwa stopu 3 ni nzito. Zaidi ya hapo utapoteza sikio na kilemba, kwa hiyo sogeza kitambaa hadi mita 1 au ukikunje nusu. Katika miezi ya masika, mawingu mazito hulainisha mwanga hata ndani. Siku hizo kitambaa hakitoshi: msogeze mtu karibu na dirisha, sentimita 70, ili mwanga upungue kwa kasi zaidi kuelekea nyuma yake.

Dirisha la kaskazini linaingiza jua kali

Hapa ndipo wengi wanapopotezwa, na kosa si lao. Mafunzo mengi ya picha yameandikwa Ulaya na Marekani, na yote yanakuambia utafute dirisha la kaskazini. Kwa wao ni kweli: kule jua la mchana hupita kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga tu, laini na usiobadilika. Unguja iko digrii 6 kusini mwa ikweta. Jua letu hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 8 au 9 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini, na mwezi Juni hushuka hadi digrii 60 hivi juu ya upeo wa macho. Dirisha la kaskazini mwezi huo linapata jua tangu asubuhi hadi jioni. Kati ya Oktoba na Machi mambo hugeuka, jua huwa kusini.

Basi kanuni ya pwani ni hii: kipupwe tumia dirisha la kusini, kaskazi tumia dirisha la kaskazini. Mombasa na Lamu, zilizo karibu zaidi na ikweta, tarehe za jua la utosini husogea kidogo, Mombasa takriban 10 Machi na 3 Oktoba, lakini kanuni haibadiliki.

Kujua kaskazini ndani ya vichochoro si kazi rahisi, na dira ya simu hupotoshwa na nondo na mabati. Tumia msikiti. Makka iko karibu kaskazini tupu ya Unguja na Mombasa, tofauti haifiki hata digrii 2, kwa hiyo ukuta wa mihrabu uliochomoza nje unakuonyesha kaskazini kwa uhakika kuliko simu.

Kama umekwisha kupanga kazi na dirisha lako lina jua, una njia mbili. Ya kwanza ni kutundika shuka jeupe la pamba juu ya dirisha lote. Litakula stopu 1 hadi 2 na kugeuza mwale kuwa mwanga mpana. Shuka liwe jeupe kweli, kwa sababu lililoiva kwa kufuliwa litapaka ngozi umanjano. Ya pili ni kumtoa mtu kwenye mwale kabisa na kumweka pembeni mwa dirisha. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene kiasi kwamba kingo za dirisha zenyewe hukata jua, na sentimita 40 za kuhama zinatosha kumtoa juani akabaki kwenye mwanga.

Macho yamezama, yamekuwa mashimo

Mwanga unatoka utosini. Hutokea uani katikati ya nyumba, kichochoroni, na baraza isiyo na kipaa, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Nyusi zinakuwa paa, macho yanabaki chini yake.

Mwingize mtu ndani ya mlango. Milango yetu ya kuchonga ina kina, na hatua moja ya kurudi nyuma kutoka kizingitini humkatia anga ya juu na kumwachia mwanga wa mbele tu. Kama ukuta wa ng'ambo ya kichochoro umepigwa jua, una bahati: ukuta huo ni taa kubwa kuliko yoyote unayoweza kununua. Mlango wenye giza nyuma na ukuta wa chokaa uliowaka mbele hutoa picha nzito saa saba mchana, wakati wenzako wanasubiri jioni. Akiwa ameketi, weka ubao mweupe mapajani mwake, umeinama kidogo kuelekea kidevuni. Ukiona mwanga umejaa chini ya pua kuliko juu yake, umezidisha, ushushe ubao hadi magotini.

Tazama pia nukta ya mwanga ndani ya mboni. Isipokuwepo, uso unaonekana kama wa sanamu hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Mwinue kidevu sentimita 1 au 2, au umpe kitu cha kutazama kilicho upande wa dirisha.

Wanaotegemea jua la jioni wajue kwamba kwetu halichelewi. Unguja jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na huteremka karibu wima. Kutoka digrii 6 hadi kupotea ni dakika 25 tu. Mtu awe amevaa, ameketi na umeshampima kufikia saa kumi na moja na nusu.

Ngozi imepauka kama iliyopakwa majivu, au kanzu imeungua

Dalili mbili, mzizi mmoja: kamera inataka kila inachokipima kiwe kijivu cha wastani. Ikipima chumba kizima chenye giza, inadhani picha ni nyeusi mno na inaiangaza, giza lako linakufa na shavu linaungua. Ikipima ngozi nyeusi peke yake, inaipandisha hadi ile rangi ya kijivu, na mtu wa ngozi ya kung'aa anatoka kama hajapaka mafuta wiki nzima.

Weka kamera kwenye hali ya mkono na upimaji wa nukta, yaani ipime sehemu ndogo tu ya fremu. Pima shavu la upande wa mwanga. Ngozi nyeusi sana iweke stopu 1 chini ya sifuri ya kipimo (alama ya katikati kwenye kipimo cha mwanga cha kamera), maji ya kunde nusu stopu chini, na nyeupe nusu hadi stopu 1 juu. Katika chumba kama tulichokieleza, f/2.8 (upana wa tundu la lenzi), kasi ya 1/125 ya sekunde na ISO 800 (usikivu wa kamera kwa mwanga) ni pazuri pa kuanzia.

Kisha tazama kanzu au kofia. Nguo nyeupe iliyo kwenye mwanga ule ule hukaa stopu 2 hadi 3 juu ya ngozi nyeusi, na ndiyo inayoungua kwanza. Usishushe eksposha (kiasi cha mwanga) ya picha nzima ili kuokoa kanzu, utauzika uso. Geuza mwili, acha uso: kifua kielekee gizani, kichwa kirudi dirishani. Au badilisha nguo. Kanzu ya rangi ya krimu, ukaya uliofifia, au kanga iliyofuliwa mara nyingi huwapa watu wa kale sura yao halisi kuliko nyeupe mpya ya dukani.

Kuhusu mng'ao: kwenye ngozi nyeusi umbo la uso huchorwa na mng'ao kuliko kivuli. Poda ikiua mng'ao wote, uso unabaki bapa hata mwanga ukiwa mzuri. Tone la mafuta ya nazi, likisambazwa kwa vidole kwenye mifupa ya mashavu na paji la uso, hufanya kazi kubwa. Likizidi utaona vidoa vyeupe vilivyoungua. Kandamiza kwa karatasi laini, usifute.

Rangi ya ajabu usoni

Kijani kwenye taya: ukuta au mbao za madirisha zilizopakwa kijani ziko karibu na uso. Bluu: turubai la duka limetandwa juu ya kichochoro, au mwanga ni wa anga tupu kivulini, ambao hufika 7000 hadi 8000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Shavu moja la manjano na jingine la bluu: kuna balbu inawaka ndani. Izime. Hakuna mpangilio wa kamera unaosawazisha mianga miwili ya rangi tofauti kwenye uso mmoja.

Kwa hayo mengine, mpe mtu ashike karatasi nyeupe mbele ya uso, piga fremu moja, na uitumie kuweka mizani ya weupe. Usiiache kwenye otomatiki, kwa sababu itabadilika kila unaposogea na picha kumi za mtu mmoja zitakuwa na ngozi kumi. Kama turubai la bluu lipo juu, hama. Usipoteze muda kulipinga.

Picha haina makali, au ina ukungu

Tofautisha kwanza. Kama sikio ni kali na jicho limefifia, ni fokasi. Lenzi ya milimita 85 kwa f/2, mtu akiwa mita 1.5, eneo lenye makali lina kina cha sentimita 4 hivi. Mtu akipumua amekwisha toka. Kwa f/4 linakuwa mara mbili, na giza la nyuma linabaki lile lile kwa sababu limetengenezwa na mwanga, halikutengenezwa na lenzi. Fokasi ikae kwenye jicho lililo karibu na kamera.

Kama kila kitu kimefifia kuelekea upande mmoja, ni mtikisiko. Kidhibiti mtikisiko cha lenzi hutuliza mkono wako tu, mtu anayetikisika hakimsaidii. Mzee aliyeketi 1/125, mtoto 1/250, na ISO ipande. Chengachenga, zile punje zinazoletwa na ISO kubwa, hazidhuru picha ya mtindo huu.

Kama picha nzima ni ya maziwa, lenzi imetoa jasho. Umetoka chumba chenye kiyoyozi au gari lenye baridi ukaingia joto la pwani. Kufuta hakusaidii, unyevu unarudi. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa dakika 30 kabla ya kuitoa. Ukungu usiokwisha ni chumvi ya upepo wa bahari kwenye kioo cha mbele: puliza vumbi kwanza, kisha futa kwa maji ya lenzi na kitambaa chake.

Wengi hupenda lenzi za kale, na Helios 44-2 ya Kisovieti, milimita 58 f/2, ndiyo maarufu. Ikikosa ule mzunguko wa nyuma unaosifiwa, yaani ukungu wa nyuma unaoonekana kama unazunguka, sababu ni ukuta. Mzunguko hutokea penye majani au matundu ya mwanga mita kadhaa nyuma ya mtu, naye akiwa mita 1 hadi 1.5. Ukutani hautauona kamwe. Kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) huichukua kwa adapta ya M42 (aina ya uzi wa lenzi hiyo) bila shida, bali ruhusu kwenye menyu kupiga bila lenzi kutambuliwa. Kwenye Nikon za kioo (DSLR) adapta ya kawaida haitafokasi zaidi ya mita chache: utapiga kichwa, mwili mzima utakataa. Na kabla ya kununua, mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi kama za buibui ndani ni kuvu, ugonjwa wa lenzi zote za pwani zinazofungiwa kabatini bila vifuko vya kunyonya unyevu.

Nyuma kunaharibu

Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3, kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mtu akikaa katikati, ukuta uko karibu naye na unapata mwanga ule ule. Piga kwa kufuata urefu wa chumba, si upana wake, ili nyuma yake kuwe na mita 3 au 4 za giza. Ukikosa nafasi, kile kitambaa cheusi kihamishie nyuma.

Kagua fremu kwa mambo ya leo: mita ya umeme, nyaya, dishi, kandambili za plastiki, alama ya saa iliyoondolewa mkononi, kamba ya sidiria. Kama amevaa kanga, usiigeuze picha kushoto-kulia kwenye kompyuta. Jina la kanga litasomeka kinyume na kila mama atakayeiona ataligundua kabla ya kuutazama uso. Na baraza ni ya mtu: piga hodi kabla ya kutundika chochote mlangoni kwake.

Uhariri umeifanya chafu badala ya kale

Piga faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera. JPEG ikivutwa gizani hutoa ngazi ngazi za rangi kwenye ukuta.

Nyeusi iliyoinuliwa, yaani giza lililofanywa kijivu, ndiyo alama ya filta za simu. Inua kidogo sana, hadi 8 au 12 kati ya 255, basi. Ukizidisha, giza ulilolijenga kwa kitambaa linageuka moshi. Unapopunguza rangi, usiguse chungwa: ndimo ilimo ngozi. Punguza kijani, bluu na njano, acha chungwa ilivyo, na majivu hayatarudi.

Nyeusi na nyeupe ina mtego wake. Sahani za kioo za kupigia picha za karne ya 19 zilikuwa karibu vipofu kwa nyekundu, na filamu inayoona rangi zote ilienea miaka ya 1920 na 1930. Filta zinazoiga enzi hizo za mwanzo hushusha nyekundu na chungwa. Kwa ngozi nyeupe matokeo ni madoadoa, kwa ngozi nyeusi ni uso uliopotea ndani ya giza. Ukitaka enzi hiyo, shusha kitelezi cha chungwa kwenye programu kwa 10 tu na ulipe fidia wakati wa kupiga, kwa kuiweka ngozi kwenye sifuri ya kipimo badala ya stopu 1 chini. Ukitaka miaka ya 1950, fanya kinyume: chungwa juu kwa 10 hadi 15, bluu chini.

Rangi ya kahawia ipakwe mwishoni, kwa wepesi, na zaidi kwenye kati na giza kuliko kwenye weupe. Chengachenga za kutengeneza ziongezwe baada ya kupunguza ukubwa wa picha, la sivyo zitayeyuka au kuwa mabaka.

Ikichapishwa inatoka nyeusi kuliko ilivyokuwa: skrini yako inawaka mno. Ishushe hadi karatasi nyeupe iliyo kando yake ifanane nayo kwa mwangaza, hariri upya, kisha chapisha kipande cha sentimita 10 kwa 15 kwenye karatasi isiyong'aa na ukitazame mbali na taa, kwenye ukuta picha itakakotundikwa.